Mwaka Niliompima Masikio Mzee Wafula

Nekesa alinipigia simu asubuhi moja nikiwa kliniki, Fort Worth, Texas, mgonjwa mmoja ametoka na mwingine bado yuko mapokezi anajaza fomu. "Auntie Mwende," akasema, "Dad is gone." Kisha akarudia kwa Kiswahili chake kilichochakaa, kana kwamba kwa Kiingereza habari ilikuwa haijakamilika, "Baba ametuacha." Niliketi kwenye kiti cha mgonjwa, nikaulizia mazishi, nikamwambia nitafika. Kesho yake niliendesha gari kwenda Houston peke yangu, redio nimeizima, saa nne na ushei katika barabara ninayoijua kama kiganja changu, na njia nzima sikumfikiria Mzee Wafula, babake Nekesa, alivyokuwa uzeeni. Nilimfikiria alivyokuwa mwaka mmoja tu, karibu na mwisho wa miaka ya tisini, nilipokuwa nampima masikio. Mwaka ule nilinyamaza mahali ambapo hadi leo sijui kama nilipaswa kusema.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwanafunzi wa mambo ya usikivu, na nilikuwa nimepata kazi ya usaidizi katika maabara moja upande wa Richardson. Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya chumba kidogo kisichopitisha sauti, kuta zake zimevikwa sponji ya kijivu, mlango mzito kama wa friji ya bucha. Ukiufunga, unasikia mate yako mwenyewe yakishuka kooni. Ndani mlikuwa na kiti kimoja, spika moja mbele ya kiti, na dirisha la kioo. Mimi nilikaa upande wa pili wa kioo na kalamu yangu. Waliokuja kuketi pale walikuwa watu wazima waliosikia vizuri tangu kuzaliwa, kisha wakapoteza masikio ukubwani, wakafanyiwa upasuaji wa kupandikizwa vijiwaya vyembamba ndani ya sikio. Vijiwaya hivyo havifanyi lolote bila prosesa, kifaa cha kuvaa nje kinachonasa sauti na kuigeuza kuwa umeme. Sisi tulikuwa tunalinganisha prosesa mbili: ya zamani, kubwa kama pakiti ya sigara, ya kufungwa kiunoni na waya wake kupanda chini ya shati hadi kichwani; na mpya, ndogo, ya kukaa nyuma ya sikio. Mtu alivaa moja miezi miwili, akarudi kupimwa, akabadilishiwa nyingine, akaenda nayo tena. Spika ilimsomea sentensi za Kiingereza zisizo na kichwa wala miguu, kwamba mpishi amesahau chumvi, kwamba ngazi imeegemezwa ukutani, naye akayarudia maneno aliyoyasikia. Mimi nilitia alama: hili kalipata, hili kalikosa. Basi. Siku nzima.

Mzee Wafula alikuwa Mkenya pekee katika kundi lile, na ndiyo sababu mkuu wetu, Dokta Marlene, alinikabidhi mimi. Alikuwa ametoka Bungoma miaka mingi, akasoma, akawa fundi wa mitambo ya simu katika ofisi kubwa pale pale Richardson. Kazi yake ilikuwa kupima kama laini inapitisha sauti vizuri. Kisha akaugua, damu ikaingiwa na vijidudu, akalazwa wiki tatu, wakampa dawa kali zilizookoa roho yake na kuua masikio yake. Alitoka hospitalini akiwa na miaka hamsini na moja, mzima wa mwili, hasikii hata ngurumo ya radi. Kazini walimhamishia stoo. Alikaa hivyo miaka mitatu. Nyumbani walikuwa na daftari juu ya meza ya jikoni ambalo mkewe, Mama Nekesa, aliandika mambo ya lazima: nimeenda shift, chakula kiko kwa oven, mtoto ana mkutano wa shule. Mzee aliniletea daftari moja siku moja kunionyesha. Kurasa nzima, na hakuna hata sentensi moja ambayo mtu asingeweza kumwandikia mpangaji wake.

Siku ya kwanza ya kuwashiwa kifaa chake Mama Nekesa alikuja naye. Alikuwa muuguzi, amevaa sare bado, ametoka kazini moja kwa moja, na alikuwa amejipaka mafuta ya midomo. Nakumbuka hilo kwa sababu alitoa kioo mkobani mara mbili. Dokta Marlene akawasha, akamwambia mama aseme neno. Akainama, akamwambia mumewe, "Baba Nekesa, ni mimi." Mzee akakunja uso kama aliyeumwa jino. "Bata," akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia. "Nasikia bata. Nasikia mabati." Mama akarudia, akarudia tena, akataja jina la mtoto, na mzee akaanza kulia, akaivua prosesa akaiweka mezani. Tuliwaeleza kwamba siku ya kwanza huwa hivyo, kwamba ubongo huchukua miezi kujifunza. Mama aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Lakini nilimwona alivyofunga mkoba wake. Hakurudi tena maabara. Zamu zilimbana, alisema, na kwa kweli zilimbana.

Kwa hiyo hakuona tulichokiona sisi. Ile prosesa ya kiunoni ilimpa nusu ya maneno, wakati mwingine chini ya nusu. Lakini alipoondoka na ile mpya na kurudi baada ya miezi miwili, mwezi wa tano, aliketi kwenye kiti, spika ikaanza, naye akawa anarudisha sentensi nzima nzima, kwa utulivu kabisa, kama mtu anayesoma gazeti. Nilihesabu mara ya pili nikidhani nimekosea. Tisini na mbili kati ya mia. Nilifungua ule mlango mzito nikampigia makofi, naye akacheka, na nilipoongea nimempa mgongo, nikipanga makaratasi, alinijibu. Nililia kidogo. Yeye aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, hata pumzi yako naisikia."

Tatizo likawa fomu. Kila mshiriki alijaza maswali kuhusu maisha ya nyumbani: unaelewa mazungumzo mezani mara ngapi, unamwelewa mwenzi wako akiwa chumba kingine mara ngapi. Mzee Wafula alijaza, kote, mara chache au kamwe. Dokta Marlene alizitazama zile karatasi mbili, ya chumba na ya nyumbani, akasema haiwezekani. Au mashine ina kasoro tusiyoijua, au kuna jambo pale nyumbani. "Wewe unaongea lugha yao," akaniambia. "Nenda ukale nao."

Walikaa Plano, nyumba ya matofali mekundu yenye sebule ya zulia jeupe ambayo hakuna aliyekaa. Maisha yote yalikuwa jikoni. Ilikuwa Jumapili baada ya kanisa, jua bado kali dirishani. Mama Nekesa alikuwa anasukuma chapati, mafuta yanatatarika, kuku wa kuchemsha anachemka, na sukuma wiki ya Texas, ile yenye majani manene, imekatwa nyembamba kwa ustadi wa nyumbani. Nekesa, miaka kumi na minne, alikuwa kwenye kochi na televisheni, mama akimwita kwa Kiswahili anajibu, "In a minute, Mum." Mzee alikaa mwisho wa meza, prosesa nyuma ya sikio, akichambua nyama kwenye mfupa polepole. Nilimsalimu, akaniambia kwa sauti ya juu, "Andika!" akanisukumia daftari. Nilishangaa. Nikafikiri labda betri zimekwisha. Nikaandika, "Hujambo mzee," akasoma, akainua kidole gumba.

Tulipoanza kula Mama Nekesa aliongea. Nadhani alikuwa hajaongea na mtu siku nyingi. Alianza na kazi, na miguu yake, na dada yake aliye Houston, kisha akasema, "Mwende, nitakuambia kitu, kwa sababu wewe unajua hii maneno ya masikio." Nikamtupia mzee jicho. Mama akaliona. "Huyu?" akasema. "Huyu hasikii. Ongea tu. Sisi tunaongea kila kitu hapa." Akachukua chapati nyingine akaikunja, hakuila. "Mimi ni mjane aliye na mume. Unaelewa? Mjane watu humletea chai. Humpa pole. Mimi nani ananipa pole? Watu wananiambia nishukuru Mungu hakufa. Nimeshukuru. Miaka tatu nimeshukuru, nimepiga kelele mpaka koo imepasuka, nimeandika mpaka mkono umechoka. Sasa nime-apply kazi Houston. Wakinichukua, mimi na Nekesa tutaenda. Sijamwambia. Nitamwandikia." Kisha akanishika mkono. "Usimwambie."

Mkono wa mzee ulikuwa umesimama juu ya mfupa. Kwa muda wa pumzi mbili hivi, hakuuinua wala hakuushusha. Halafu akaendelea kuchambua nyama, akaiweka kwenye sahani ya mkewe, vipande vizuri, kama alivyozoea kufanya, na Mama Nekesa akavila bila kumtazama. Mimi nilijua idadi ya maneno anayoyasikia. Mimi ndiye niliyeitia kwenye karatasi kwa kalamu yangu.

Mzee alinisindikiza hadi kwenye gari. Nilitaka kusema kitu, yeye akanitangulia, na aliongea kwa kunong'ona. Mtu asiyesikia hawezi kunong'ona namna ile. Hajui sauti yake imefika wapi. "Usiseme," akaniambia. Nikamuuliza kwa nini, kwa nini hakumwambia tangu mwanzo. Akaegemea mlango wa gari. "Mwanzo nilitaka kuwa na hakika. Hii mashine ni yenu, mnaipeleka mnairudisha. Nimpe mama matumaini, halafu mninyang'anye? Umeona alivyotoka siku ile. Basi nikasema nitangoja mwisho. Halafu siku moja nilikuwa nimekaa hapo, yeye anaongea na dada yake kwa simu, nikagundua naelewa. Kila neno. Nikanyamaza nisikilize." Nikamwambia, "Mzee, anataka kuondoka. Ukimwambia unasikia, hataondoka." Akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo. Nikimwambia leo, atakaa. Atakaa kwa aibu ya yale niliyoyasikia. Mwende, mimi nimeishi na mtu anayenihurumia, najua ladha yake. Sitaki kuishi na mtu anayenionea haya."

Miezi iliyofuata aliniambia mambo mengine, mle chumbani, kabla sijafunga mlango. Aliniambia jinsi mkewe alivyomlalamikia dada yake kwamba breki za gari zinalia, naye Jumamosi akashuka chini ya gari akazibadilisha, bila neno. Jinsi alivyomsikia akisema ametamani mrenda wa mama yao, naye akazunguka maduka hadi mtaa wa Vickery Meadow, Dallas, akakosa, akanunua bamia, akaipika na magadi mpaka ikavutika kama mrenda. Mkewe alikula sahani mbili akamwambia dada yake kwa simu kwamba Mungu bado anamwona. Mzee alinisimulia hilo akicheka. Nilimwambia kila mara, mwambie. Kila mara alisema, "Washa spika, mwanangu."

Dokta Marlene aliniuliza ripoti ya ile ziara. Niliandika kwamba jikoni mna mwangwi, televisheni huwa imewashwa, familia huongea kwa pamoja. Yote yalikuwa kweli, na ripoti nzima ilikuwa uongo. Nilijiambia kwamba nimetia sahihi karatasi ya kutunza siri za mshiriki, na kwamba mwenye siri mwenyewe amenikataza. Nilikuwa kijana, nilifikiri kutunza siri na kutenda haki ni kitu kimoja. Siku hizi, mgonjwa akiwashiwa kifaa kwangu, siruhusu mwenzi wake aondoke akiwa ameona siku ya kwanza tu. Nampigia simu mwezi wa pili, wa tatu, nambembeleza arudi aketi aone. Wenzangu wananiona msumbufu. Sijawahi kuwaeleza kisa.

Mama Nekesa alihama mwezi wa nane. Sikuwepo. Mzee alinieleza kwamba mkewe aliandika kurasa tatu za daftari, akaziacha mezani, akasimama mlangoni akingoja asome. Alipomaliza kusoma aliandika chini yake, "Nimeelewa. Safari njema." Ndipo mkewe, akiwa amempa mgongo anabeba sanduku, akasema kwa sauti ya kawaida, "Nisamehe, Wafula." Hakuwa amemwita kwa jina tangu harusi. Nikamuuliza mzee alifanya nini. "Ningefanya nini?" akasema. "Ilikuwa hainihusu. Hakuniambia mimi. Alimwambia mtu asiyesikia." Siku ile alikosa sentensi nyingi sana chumbani. Nikaandika kwamba mshiriki ana mafua.

Utafiti uliisha, akabaki na ile prosesa ndogo na nakala za matokeo yake katika faili la kijani. Walitengana kwa makaratasi baadaye, bila ugomvi. Nekesa alipokuwa chuo ndipo alipoanza kuongea na baba yake kwa simu, na mama alipoambiwa kwamba mzee sasa anasikia, alimshukuru Mungu kwamba mashine zimeboreshwa. Alipostaafu mzee alihamia Houston awe karibu na wajukuu. Yeye na Mama Nekesa walikutana kwenye sherehe, wakasalimiana, wakaongea vizuri. Mwaka wa mwisho, figo zilipomwangusha, mama ndiye aliyekuwa akimpeleka kusafishwa damu, mara tatu kwa wiki, akikaa naye hadi mwisho. Mimi nilikuwa nikimtembelea mara moja kwa mwaka kumrekebishia mashine. Hatukuwahi kuligusa tena jambo lile.

Nilifika Houston mchana. Nyumba ya Mama Nekesa ilijaa watu, viatu vimerundikana mlangoni, wanawake wa kanisa jikoni na sufuria za pilau, wazee sebuleni wakibishana kuhusu nani atasoma wasifu. Mama Nekesa alinikumbatia, akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwake akafunga mlango. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote. Juu ya kitanda palikuwa na faili la kijani. Nililitambua kabla hajalifungua.

"Nilikuwa natafuta makaratasi ya bima kwake," akasema. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu, mama."

"Hapa panasema tisini na mbili. Tisini na mbili ya nini?"

"Maneno. Kati ya mia."

Akavaa miwani, akaileta karatasi karibu. "Hii tarehe ni ya mwezi wa tano. Mimi nilihama mwezi wa nane." Hakunitazama. "Siku ile ulikuja kula kwetu."

"Alikuwa anasikia."

"Yote?"

Ningeweza kumpa kitu hapo. Ningeweza kumwambia mafuta yalikuwa yanatatarika, televisheni imewashwa, na jikoni ni pagumu kwa mashine hizo. Hakuna mtaalamu ambaye angenipinga. "Yote, mama," nikasema.

Alikaa kitandani. Nje mtu alicheka, wakamnyamazisha. "Zile breki," akasema. "Na ile bamia. Mimi nilimshukuru Mungu." Kisha akaniinulia uso. "Kwa nini hukuniambia, Mwende?"

"Nilitia sahihi, mama. Siri za mgonjwa. Naye alinikataza."

"Hata mimi nilitia sahihi," akasema. "Kanisani, Bungoma, watu wakiangalia." Hakusema kwa hasira. Aliirudisha karatasi kwenye faili, akalisawazisha juu ya magoti yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikaa karibu naye. Sikumwomba msamaha, maana sikujua naomba kwa lipi, na yeye hakusema amenisamehe.

Jioni, jua halijazama, tulikwenda watu watatu, mama, Nekesa na mimi, nyumba ya mazishi, kumwona kabla ya wengine. Alikuwa amevishwa suti ya bluu. Nekesa alikuwa ameomba avalishwe prosesa yake, kwa sababu hakuwahi kumwona baba yake bila hiyo tangu aingie chuo, na sasa, akiwa amesimama pale, akaingiwa na wasiwasi. "Mum," akauliza, "azikwe nayo? Ama tuitoe?"

Mama Nekesa alimtazama mumewe. Aliinama, akainyoosha kola ya shati ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Itoeni," akasema. "Ametusikia vya kutosha."

Nekesa alijaribu, akashindwa, akanipisha. Niliinua ile mashine kutoka nyuma ya sikio lake, ikatoka kirahisi. Kile kiduara cha kichwani, kinachounganishwa nayo kwa waya, kilikataa. Kimeshikwa na sumaku iliyo chini ya ngozi, na sumaku haizimiki mtu anapokufa. Ilibidi nimshike kichwa kwa mkono mmoja, nikivute kwa mwingine, polepole, mpaka kikaachia.